Ukipata Ufunguo, Mwezi wa Pili Utalipa na Nini?

(Haya ni mazungumzo niliyotoa mbele ya vijana Mombasa. Wengi waliomba yaandikwe ili wasambaziane. Nimeyaacha karibu kama nilivyoyasema.)



 Najua kuna mechi saa hizi, na najua wengine mmeiweka kwa simu hapo chini ya kiti. Basi sauti tu mzime.

Nataka kuanza na nyanya yangu. Nyanya hakuajiriwa hata siku moja maishani mwake. Hakuwa na pesilipu wala pensheni. Alichokuwa nacho ni nyumba ya Majengo: vyumba sita, vitatu upande huu, vitatu upande ule, ukumbi katikati, baraza mbele, na nyuma uwani kuna jiko, choo na kisima. Ardhi haikuwa yake. Nyinyi watoto wa hapa hamhitaji kuelezwa, nyumba bila ardhi ni kitu tumezaliwa tukakikuta. Kila mwezi alimlipa mwenye ardhi, lakini kuta na paa vilikuwa vyake. Chumba kimoja tulilala yeye na sisi wajukuu, kimoja akawa mjomba, na vinne akapangisha. Kulikuwa na kuli wa bandarini, fundi cherehani, mama mmoja na wanawe, na mzee aliyekuwa akitengeneza saa. Asubuhi nyanya akikaa barazani na mahamri na mbaazi zake. Wapangaji ndio wateja wa kwanza.

Sasa niambieni, ile ilikuwa nyumba au ilikuwa kazi?

Ilikuwa vyote viwili. Kodi ya vyumba vinne na mahamri ya baraza ndivyo vilivyotusomesha. Na lau siku moja angekuja mtu na suti na ramani akamwambia, "Mama, hapa tunabomoa, tutakupa flati ya kisasa, gorofa ya nne, sebule na vyumba viwili, choo ndani, maji ya mfereji," nyanya angefurahi. Nani hataki choo ndani? Angepokea ufunguo, angepiga picha. Halafu mwezi wa pili ungefika na bili ya nyumba. Vyumba vya kupangisha hakuna, baraza hakuna, mahamri atauzia nani pale kwenye ngazi? Angelipa na nini?

Hilo ndilo swali langu la leo. Sikuja kuwaambia kwamba nyumba za serikali ni mbaya. Wako wanaosema hivyo, na kwa maoni yangu wengi wao wanaishi mahali pazuri tayari. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya makao yanayofikika na ya kutosha, na viwango vya usafi vinavyofaa. Ni haki. Ninachouliza mimi ni hiki: ukishampa mtu wa kipato cha chini nyumba, umefanya nini ili aweze kusimama kwa miguu yake ndani ya nyumba hiyo?

Tuanze na pesa, manake ni zetu. Tangu Julai 2023 kila mwenye pesilipu anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake wote kabla ya makato mengine, na mwajiri anaongeza asilimia 1.5 nyingine. Mahakama Kuu ikasema Novemba mwaka huo kwamba makato yale yalikuwa kinyume cha Katiba. Bunge likarudi na sheria mpya, Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024, ikatiwa sahihi mwezi wa Machi, na safari hii haikugusa walioajiriwa tu, imegusa na wenye kipato kingine. Kwa hivyo hata wewe unayesema "mimi sijaajiriwa, hainihusu", isome vizuri.

Sheria hiyo inagawa watu kwa mapato. Anayepata chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi amewekewa nyumba za jamii. Wa 20,000 hadi 149,000 ndio wa nyumba za bei nafuu. Wa juu ya hapo wana fungu lao. Hebu kila mtu ajihesabu kimyakimya yuko wapi. Dereva wa tuktuk ya mtu mwingine, kijana wa kinyozi, mama wa viazi karai, hawa wako fungu la kwanza, na miezi mingine hata hiyo 20,000 hawaisikii harufu. Kule Mukuru, Nairobi, nyumba za kwanza zilipokabidhiwa watu Mei 2025, ile ndogo kabisa ya chumba kimoja ililipiwa shilingi 3,900 kwa mwezi. Kusema kweli si bei mbaya, na kila anayelipa anaelekea kuimiliki baada ya miaka mingi. Lakini 3,900 inatakiwa mwezi huu, na mwezi ujao, na Ramadhani, na mwezi wa shule kufunguliwa, na mwezi ambao mtoto amelazwa. Mtu wa kibarua hapati pesa kwa mwezi, anapata kwa siku, na siku nyingine hapati.

Kuna jambo lilitokea Kibera ambalo kila mpangaji wa miji anapaswa kulala nalo akilini. Mwaka 2009 serikali ilihamisha familia kutoka Soweto Mashariki, Kibera, ikazipeleka kwenye magorofa mapya upande wa Lang'ata zikae kwa muda huku kwao kunajengwa. Kodi ya chumba ilikuwa kama shilingi elfu moja kwa mwezi, mbali na maji na stima. Nyumba za mawe, na taa. Na haukupita muda, baadhi ya watu wakapangisha vyumba vile kwa watu wenye uwezo zaidi, wao wakarudi kwenye mabati. Magazeti yakawaandika kama watu wasio na shukrani. Mimi nikajiuliza nyanya angefanya nini, nikaona angefanya vilevile! Yule mtu si mjinga. Amepewa kitu chenye thamani lakini hakimletei kipato, na ana njaa. Basi akakigeuza kikawa kipato. Alifanya hesabu ya Majengo, ila aliifanya kwa mlango wa nyuma kwa sababu hakufunguliwa mlango wa mbele.

Sasa nataka tusafiri kidogo, twende Marekani. Najua mtasema huyu naye anatuletea mambo ya kule. Nivumilieni. Wenzetu hawa wamejenga nyumba za serikali tangu sheria yao ya 1937, wamekosea makosa makubwa, na makosa yao wameyaandika. Kosa la mwenzako ni darasa la bure.

Kule St. Louis, miaka ya 1950, walijenga mtaa ukiitwa Pruitt-Igoe. Magorofa 33, kila moja ghorofa 11, nyumba zaidi ya 2,800. Ulisifiwa wakati wa kujengwa. Lakini serikali kuu ililipia ujenzi tu. Matengenezo yalitakiwa yatoke kwenye kodi za wapangaji. Wapangaji ni maskini, na kadiri viwanda vilivyohama na wenye uwezo walivyohama, waliobaki walikuwa maskini zaidi. Lifti ikiharibika, haitengenezwi. Bomba likipasuka, vilevile. Mamlaka ya nyumba ikapandisha kodi ili ipate pesa za matengenezo, na walio na uwezo kidogo nao wakaondoka. Mwaka 1969 wapangaji wa nyumba za umma mjini humo, wengi wao kina mama weusi, wakagoma kulipa kodi kwa miezi. Ulikuwa mgomo mkubwa, na uliacha alama. Mwaka huohuo Bunge la Marekani likaweka kikomo, kwamba mpangaji wa nyumba ya umma asilipe zaidi ya robo ya mapato yake. Baadaye, miaka ya 1980, robo ikawa asilimia 30, na mpaka leo ni 30. Pruitt-Igoe yenyewe ilianza kulipuliwa kwa baruti mwaka 1972. Haikufikisha hata miaka ishirini.

Hiyo asilimia 30 ni kitu kizuri sana. Inamaanisha mwezi ukikosa, kodi inashuka. Ukipata, inapanda. Lakini angalieni mtego uliojificha humo. Tuseme mama mmoja mapato yake yanayohesabiwa ni dola 1,000 kwa mwezi. Kodi yake ni 300. Akapata kazi bora, sasa anapata 1,600. Kodi inakuwa 480. Katika zile 600 alizoongeza kwa jasho lake, 180 zimekwenda na kodi. Bado nauli. Bado wa kumwachia mtoto. Bado msaada mwingine wa serikali unaopunguzwa kwa sababu sasa "ana pesa". Mwishowe anajiuliza, nimeamka saa kumi alfajiri kwa ajili ya nini?

Kwa hivyo mwaka 1990 wakatunga mpango mmoja ndani ya sheria ya nyumba, mpango wa kuzisaidia familia zijitegemee. Na hapa naomba msikilize vizuri, kwa sababu ujanja wake ni mdogo na mzuri. Mama yule anatia sahihi mkataba wa miaka mitano. Anaandika malengo yake: kumaliza masomo, kupata kazi, kulipa madeni. Anapewa mtu wa kumshika mkono. Halafu kipato kikipanda, kodi inapanda kama kawaida, anailipa yote 480. Lakini zile 180 za nyongeza haziendi zikapotea. Mamlaka ya nyumba inaweka kiasi hicho kwenye akaunti ya akiba kwa jina lake. Kwa mwaka ni dola 2,160. Kwa miaka minne ni 8,640, mbali na faida ya benki. Akitimiza mkataba, ana kazi, na nyumbani hakuna anayepokea tena msaada wa pesa taslimu, anapewa zote. Na hakuna anayemuuliza atazifanyia nini. Anunue gari la kwendea kazini, afungue duka, alipe karo, au aweke amana ya nyumba yake mwenyewe.

Mmeuona ujanja? Pesa ileile iliyokuwa ikimkatisha tamaa imegeuzwa ikamvuta mbele.

Kuna kijana tulipozungumza haya mahali pengine aliniambia, "Ustadh, basi tuuchukue huo tuulete hapa kesho." Nikamwambia ngoja. Serikali ya Marekani yenyewe iliagiza utafiti mkubwa kuhusu mpango huo. Zaidi ya familia 2,000, katika mamlaka 18 za nyumba, nusu kwa kura wakaingizwa kwenye mpango na nusu wakaachwa nje, wakafuatiliwa kwa miaka. Matokeo? Kwa jumla, walioingia hawakupata mapato makubwa kuliko walioachwa. Waliomaliza mkataba walipata akiba yao, na ile ni pesa ya kweli, lakini wengi hawakumaliza, na anayetoka katikati huwa anaiacha.

Hapo nilivunjika moyo, sitawaficha. Halafu nikasoma zaidi nikaona kwa nini. Mahali pengi, yule "mtu wa kukushika mkono" alikuwa ofisa mmoja mwenye mafaili mengi mezani. Anakupa karatasi yenye anwani: nenda hapa kwa mafunzo, nenda pale kwa kazi. Sisi hapa tunajua ofisi za namna hiyo. Unatumwa dirisha la tatu, dirisha la tatu wanakurudisha la kwanza. Ahadi ya pesa baada ya miaka mitano haimsaidii mtu ambaye leo hana wa kumwachia mtoto.

Lakini kuna jaribio lingine lililokwenda vizuri, na hili ndilo nililokuja nalo mfukoni. Lilianza 1998 katika miji sita, likaitwa Jobs-Plus. Lilikuwa na mguu wa tatu ambao mipango mingine haikuwa nao. Mguu wa kwanza, ofisi ya kazi hukohuko mtaani, chini ya gorofa, si mjini. Wa pili, kodi isipande mara moja ukipata kazi. Wa tatu, majirani. Majirani wenyewe, wapangaji wa mtaa ule, walipewa kazi ya kugonga milango. Kule Los Angeles kila ua lilikuwa na msimamizi wake, mpangaji kama wewe, anakuja na karatasi: "Kuna kazi mahali fulani, wanahitaji watu kumi, kesho saa mbili, nani anaenda?" Anajua nani amefukuzwa kazi wiki jana, nani mwanawe mgonjwa. Hakuna ofisa wa serikali anayejua hayo.

Katika miji mitatu iliyoutekeleza mpango kikamilifu, Dayton, Los Angeles na St. Paul, mapato ya watu wa mitaa ile yalipanda wastani wa asilimia 14 juu ya mitaa kama hiyo isiyokuwa na mpango. Sio kwa walioandikishwa tu, kwa mtaa mzima. Na ilipofika mahali ambapo miguu mitatu haikusimama yote, hakuna kilichoonekana. Miji iliyofanya nusunusu ilipata sifuri, haikupata nusu ya faida. Kiti cha miguu mitatu ukikikata mmoja, hukalii.

Na kabla ya wataalamu kugundua hayo kuna mama mmoja alikuwa ameshayafanya. Aliitwa Kimi Gray. Aliingia nyumba za umma za Kenilworth-Parkside, Washington, mwaka 1966, bado kijana mdogo, ameachika, ana watoto watano. Mwaka 1974 vijana wachache wa mtaani wakamwambia wanataka kwenda chuo. Yeye mwenyewe hakuwa na pesa. Akaanzisha nao kikundi, wakawa wanasoma pamoja jioni, wanajaza fomu pamoja, wanauza vitu kupata nauli. Kwa miaka iliyofuata mamia ya vijana wa mtaa ule waliingia chuoni. Mtaa ule! Ambao mfereji wake ulikuwa ukikaa miezi bila maji ya moto.

Mwaka 1982 wapangaji wakachukua usimamizi wa mtaa mikononi mwao. Wakaanza kuajiriana. Badala ya kampuni kutoka mbali kufagia na kutengeneza mabomba, wakafanya watu wa pale. Wakaweka mahali pa kulea watoto ili kina mama waende kazini, na walezi wakawa ni kina mama wengine wa pale. Tafakarini hilo kidogo: kila shilingi iliyokuwa ikitoka mtaani, wakaifanya izunguke mara mbili kabla ya kutoka. Walikuja kuuziwa mtaa wao mwaka 1990. Nisiwapambie: serikali ilitumia zaidi ya dola milioni 20 kuukarabati kabla ya kuwakabidhi, kwa hivyo asije mtu akawaambia kujitegemea maana yake ni serikali kukaa pembeni. Hao walijitegemea na serikali ikalipa sehemu yake.

Haya, turudi nyumbani.

Hapa Mombasa tuna mitaa ya zamani ya kaunti: Tudor, Changamwe, Likoni, Khadija, na kwingineko. Buxton ya zamani mliiona ikibomolewa. Mingine iko kwenye mipango, na pia zinajengwa za serikali kuu. Mtaitwa mikutanoni mtoe maoni. Najua huwa tunafanyaje: mikutano ya asubuhi ya siku ya kazi, wanakwenda wazee wachache, wanakunywa soda, wanatia sahihi, halafu mwaka ujao tunalalamika Facebook. Safari hii nataka muende nyinyi, na muende na maswali.

Ulizeni hivi. Mtu akihamishwa kupisha ujenzi, kibanda chake cha biashara kinahamia wapi? Sio kitanda chake tu, biashara yake. Kwenye ramani ya magorofa mapya, ghorofa ya chini kuna maduka? Ni ya nani, ya waliokuwa wakiishi hapo au ya atakayekuwa na pesa ya kwanza? Kuna mahali pa kulelea watoto? Kodi au malipo ya mwezi, mtu akikosa kazi miezi miwili inakuwaje, kuna utaratibu ulioandikwa au ni huruma ya ofisa wa siku hiyo? Na anayelipa kwa uaminifu miaka yote, kuna sehemu ndogo ya malipo yake inayowekwa pembeni kwa jina lake? Hili la mwisho mtaambiwa haliwezekani. Sasa mnajua kwamba limefanyika mahali tangu 1990.

Kwa sisi kuna swali la ziada. Anayeepuka riba, akikuta mpango wa kumiliki unapitia mkopo wa benki, aulize mapema: kuna njia ya kulipa kidogo kidogo kama mpangaji mpaka imalizike? Mkataba umeandikwaje? Usitie sahihi kwanza halafu ukaja kuuliza msikitini. Shekhe hawezi kufuta sahihi.

Kazi ya ujenzi nayo tusiiache. Serikali ilitangaza kwamba milango na madirisha ya nyumba hizi yatengenezwe na mafundi wa jua kali. Nani kati yenu ana rafiki fundi wa vyuma? Mikono hiyo naiona. Fundi mmoja pekee yake hawezi kupewa oda ya milango mia. Lakini mafundi kumi waliosajili kikundi, wana akaunti, wana kitabu cha hesabu, wanaweza. Na sheria ya manunuzi inatenga asilimia 30 ya zabuni za serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Ujana kwa sheria hiyo ni miaka 18 hadi 35, kwa hivyo wengine hapa mna muda mchache, harakisheni. Tatizo letu ni kwamba fundi anajua kuchomelea, hajui kujaza fomu. Na nyinyi mlio na diploma mnajua kujaza fomu, hamna kazi. Si mkutane! Kimi Gray alianza na fomu.

Na mkinyimwa majibu? Kuna Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Mwananchi yeyote anaandika barua kwa ofisi ya umma, anaomba habari: orodha ya waliogawiwa nyumba imepangwa kwa vigezo gani, mkataba na mjenzi unasemaje, nyumba za jamii ni ngapi kati ya zote. Ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Isipojibu, unapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Hakuna wakili, hakuna maandamano, hakuna kurusha jiwe. Karatasi moja, na nakala yake iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Huo muhuri msisahau. Mimi niliwahi kupeleka barua kwenye ofisi moja bila kudai muhuri, wiki tatu baadaye wakaniambia hawajawahi kuiona, na sikuwa na la kujibu.

Nimesema majirani ndio mguu wa tatu. Nyumba za Majengo mguu huo zilikuwa nao bila kufundishwa na mtu, barazani. Yule fundi saa wa kwetu alipata kazi ya kutengeneza saa ya msikiti kwa sababu nyanya alimsikia muadhini akilalamika asubuhi huku akinunua mahamri. Kwenye magorofa hatutakuwa na baraza. Kwa hivyo nataka tukubaliane leo, kabla hamjatoka, kila mtaa uliowakilishwa hapa utoe watu wawili. Wawili tu. Kazi yao mwezi huu ni kugonga milango na kuandika daftarini: nani anaishi hapa, analipa kiasi gani, anafanya kazi gani, anajua kufanya nini ambacho halipwi. Majina ya watu yabaki kwenye daftari, yasiingie kwenye group. Tukienda kwenye mkutano na daftari kama hilo, tutazungumza tofauti na mtu aliyekuja na hasira peke yake.

Daftari ziko pale mezani, nimenunua za kurasa mia mbili. Na sasa maswali. Dada wa Likoni pale nyuma ameinua mkono tangu nilipomtaja mama wa viazi karai. Tuanze na wewe, dada.